Fimbo ya mbali na nyoka wa karibu: nchi ndogo inamchaguaje rafiki

Swali la leo limetoka kwa dada mmoja wa Kabale, mfanyabiashara wa viazi. Ameandika kwa urefu, mimi nafupisha: "Mwalimu, mpaka wa Katuna ulipofungwa 2019 nilipoteza wateja wangu wote wa Kigali, magunia yakaniozea stoo. Tangu hapo nikisikia habari za nchi na nchi natega masikio. Naona nchi ndogo ikitishwa na jirani, ingine inamkumbatia huyo huyo anayeitisha, ingine inaita wakubwa kutoka mbali, ingine inakaa kimya kama haijaona kitu. Wanaamuaje hawa watu? Na huyo rafiki wa mbali, siku ya shida anafika kweli?"

Dada, kwanza pole kwa magunia, najua kazi inayoingia kwenye gunia moja la viazi kutoka shambani hadi mpakani. Pili, hilo swali lako la mwisho ndo swali lenyewe, mengine yote yanalizunguka. Nimefundisha siasa za kimataifa hapa Kampala zaidi ya miaka ishirini, na kila mwaka wanafunzi wanakuja na jibu la kitabuni kwamba nchi ndogo ina njia mbili, ama iungane na wengine wamzuie yule mbabe, ama iende ikajibanze kwa mbabe mwenyewe iponee hapo. Ni kweli, lakini ni nusu ya mambo. Nusu ingine wazee walishaisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Nyoka yuko mlangoni, fimbo iko kijiji cha tatu, sasa we utafanyaje?

Tuanze na hofu yenyewe. Watu wengi wanadhani nchi ndogo inaogopa jirani kwa sababu jirani ni mkubwa. Sio hivo. Sisi na Tanzania, wao ni wengi kuliko sisi na ardhi yao ni karibu mara nne ya yetu, lakini nenda Kyotera, karibu na mpaka wao, ukamuulize mama anayepalilia migomba kama huwa anakosa usingizi kwa ajili ya jeshi la Tanzania, atakushangaa. Halafu rudi Oktoba 1978, mdogo ndo alimvamia mkubwa! Idi Amin alivusha askari pale Mutukula, wakachukua ardhi yote ya kaskazini mwa mto Kagera, wakaswaga ng'ombe za watu, wakavunja daraja la Kyaka, na mwanzo wa Novemba Amin akatangaza kwamba hapo sasa ni Uganda. Kwa hiyo kinachotisha ni mchanganyiko, yuko karibu kiasi gani, ana silaha za kuvuka mpaka au za kulinda kwake tu, na zaidi ya yote ana nia gani.

Nia ndo ngumu kuisoma. Unaisoma kwa maneno ya mtu, kwa ramani anazochora, kwa alivyowatendea waliokuwa dhaifu kabla yako. Somalia ilipopata uhuru 1960 bendera yake ilikuwa na nyota ya ncha tano, na kila ncha ilikuwa ni nchi wanakoishi Wasomali. Mbili tu ndo zilikuwa mikononi mwake. Tatu zilizobaki zilikuwa Ogaden ya Ethiopia, kaskazini mashariki ya Kenya, na Djibouti. Sasa ukiwa Nairobi au Addis Ababa ukaitazama ile bendera, unaona nini? Unaona shamba lako limechorwa kwenye kitambaa cha mwenzako.

Na hapo ndo natoa mfano ninaoupenda kuliko yote, nashangaa haufundishwi sana mashuleni kwetu. Kenya na Ethiopia waliwekeana mkataba wa ulinzi tangu Kenya inapata uhuru, Kenyatta huku na mfalme Haile Selassie kule. Sawa, hiyo ni rahisi kuelewa. Lakini 1974 mfalme akapinduliwa, wakaja maafisa wa jeshi, akapanda Mengistu, Ethiopia ikageuka nchi ya Kimarxi, mashamba yakataifishwa, Wasovieti na Wakuba wakaingia. Na Kenya ilikuwa nini? Kenya ilikuwa nchi ya biashara, rafiki wa Uingereza na Marekani, ukomunisti hata kuusikia hawataki. Kama urafiki wa nchi ungekuwa unakwenda kwa imani au kwa siasa basi hapo ungekatika siku hiyo hiyo. Haukukatika. Somalia ilipoivamia Ogaden 1977 Kenya ilisimama na Ethiopia ya Mengistu, 1978 ndege ya Misri iliyobeba silaha za kwenda Somalia ikalazimishwa kutua Nairobi, na 1979 Kenya na Ethiopia wakatia sahihi mkataba mwingine wa urafiki. Wote wawili walikuwa wanaiogopa bendera ile ile, na hiyo ndo kamba iliyowafunga, hakuna ingine.

Kwa hiyo ukiniuliza wanaamuaje, mimi nakujibu hivi: wanaojua kuamua hawaangalii kwanza nani ana nguvu, wala nani anasali kama sisi, wanaangalia nani ana hofu sawa na yetu. Mwenye hofu sawa na yako haji kukusaidia wewe, anakuja kujisaidia mwenyewe, na kwa hiyo anakuja. Yule anayekuja kwa kukupenda, au kwa kulipwa, au kwa kutaka sifa, siku hesabu yake ikibadilika anafunga mizigo.

Siad Barre wa Somalia alilijua hilo kwa uchungu. Alikuwa na mkataba wa urafiki na Wasovieti tangu 1974, aliwapa nafasi bandarini Berbera, karibu silaha zote za jeshi lake zilitoka kwao. Vita vya Ogaden vilipoanza Wasovieti wakaangalia mezani, huku Somalia, huku Ethiopia yenye watu wengi zaidi na mapinduzi mapya, wakachagua Ethiopia. Novemba 1977 Siad Barre akawafukuza, lakini kufukuza mtu aliyekwisha kuondoka kunakusaidia nini? Maelfu ya askari wa Kuba wakapelekwa Ogaden na kufikia Machi 1978 jeshi la Somalia lilikuwa limerudi kwao.

Mfano wa kwetu hapa ni Amin na Gaddafi. Huyu Amin alipoingia madarakani Januari 1971 rafiki zake wakubwa walikuwa Waisraeli, ndo waliomfundishia askari. Mwaka uliofuata akaenda Tripoli, akarudi, akawafukuza Waisraeli, rafiki mpya akawa Libya. Sasa jiulize, Nyerere alikuwa anaitisha Libya kwa lipi? Hakuna. Kati ya Dar es Salaam na Tripoli kuna jangwa na misitu na nchi kibao. Gaddafi alituma watu wake kwa sababu ya dini, kwa sababu ya kutaka jina Afrika, kwa sababu Amin aliomba. Wakafika kweli, dada, hilo siwezi kuwanyima, walifika na vifaru na makombora, lakini walifikia nchi wasiyoijua kabisa.

Ukitoka Masaka kuja Kampala unapita Lukaya, pale tunaposimama kununua kuku wa kuchoma na ndizi za gonja, wale vijana wanakimbilia dirisha la gari na vijiti mkononi. Mbele kidogo barabara inapita katikati ya bwawa la mafunjo, kushoto maji, kulia maji, barabara peke yake ndo kavu. Hapo ndo Machi 1979 Walibya na askari wa Amin walikutana na Watanzania. Usiku wa kwanza walifanikiwa, waliwarudisha Watanzania nyuma, lakini badala ya kusonga mbele wakakaa, na brigedi ingine ya Tanzania ikazunguka upande wa pili, asubuhi wakapigwa kutoka pande mbili. Askari wengi wa Amin walishaanza kukimbia, walijua vichochoro, walikuwa na kwao kwa kwenda. Walibya hawakuwa na kwao hapa. Wengi walifia kwenye mafunjo yale. Na jambo ambalo linaonyesha Nyerere alivyoelewa mambo haya, jeshi lake lilipokaribia Kampala liliacha wazi barabara ya mashariki ili Walibya waliobaki wapate pa kutokea. Alijua hawana sababu yao wenyewe ya kupigana, ukiwapa mlango watapita. Walipita. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka.

Upande wa Nyerere nani alikuja? Nchi nyingi zilimpa maneno, umoja wa nchi za Afrika ulitaka pande zote zisuluhishwe tu bila kumlaani Amin aliyevamia. Aliyetuma askari ni Msumbiji, kikosi kizima. Hapa lazima niwe mkweli kwako, Msumbiji nayo haikuwa inatishwa na Amin, kwa hiyo kanuni yangu ya hofu moja haifiki mahali pote. Kilichowaleta ni deni. FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walifundishiwa vita Tanzania, walilala Tanzania, walikula Tanzania miaka kumi wakipigana na Wareno. Deni la namna hiyo nalo linamleta rafiki, lakini ni adimu, nchi nyingi hazikumbuki hivyo.

Mfano wa karibuni ni Armenia. Ina mkataba wa kijeshi na Urusi na kambi ya Warusi ndani ya nchi. Septemba 2022 Azerbaijan ilipopiga maeneo ndani ya Armenia yenyewe, Armenia ikaomba msaada wa washirika wake, askari hawakuja. Urusi ilikuwa imezama Ukraine. Mwaka uliofuata Nagorno-Karabakh, eneo la Waarmenia ndani ya Azerbaijan, ikachukuliwa kwa siku moja, Waarmenia zaidi ya laki moja wakatoroka na magari yaliyojaa magodoro, na walinda amani wa Urusi walikuwepo pale pale. Na Georgia nayo, Aprili 2008 NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, iliiambia kwamba siku moja itakuwa mwanachama, bila kusema lini, Agosti mwaka huo huo ikaingia vitani na Urusi na hakuna aliyekuja. Mimi naona ahadi nusu ni mbaya kuliko kutoahidiwa kabisa, manake inamkasirisha nyoka na fimbo bado haijafika.

Sasa tuje kwa wale uliosema wanamkumbatia anayewatisha. Usiwacheke. Mwenye nguvu mpishe, na kuna nchi ambazo kwa kweli hazina pa kupita pengine. Ila kuna kupisha na kuna kufungua mlango wa chumba cha kulala. Mwaka 1939 Estonia, Latvia na Lithuania zilibanwa na Moscow zikatia sahihi mikataba ya kusaidiana, na ndani yake waliruhusu kambi za jeshi la Kisovieti zijengwe kwao. Walidhani wakimpa kidogo ataridhika. Juni 1940 nchi zote tatu zikakaliwa, na maelfu ya askari hawakuhitaji hata kuvuka mpaka, walishakuwa ndani. Uhuru wao ulirudi 1991. Ndo maana ukiona nchi hizo zilivyokimbilia NATO zikaingia 2004, usidhani ni kupenda wazungu wa mbali, ni kumbukumbu ya nyumba iliyoingiliwa.

Kusini mwa Afrika enzi za ubaguzi hapo ndo darasa kubwa, manake nchi kadhaa zilikuwa na jirani mmoja yule yule na kila moja ikachagua njia yake. Lesotho imezungukwa na Afrika Kusini pande zote, hata ukitaka chumvi inapita kwao. Waziri mkuu wake Leabua Jonathan alianza kwa kuelewana na makaburu, baadaye akageuka, akawapokea wakimbizi wa ANC, chama kilichopigana na ubaguzi, akafungua urafiki na nchi za kikomunisti. Desemba 1982 makomando wa Afrika Kusini wakaingia Maseru usiku wakaua watu 42. Januari 1986 mpaka ukafungwa, petroli ikaisha, chakula kikapungua, na kabla mwezi haujaisha jeshi lake mwenyewe likampindua, watu wa ANC wakaanza kuondolewa, mpaka ukafunguliwa. Oktoba mwaka huo huo serikali mpya ikatia sahihi mkataba wa kuuza maji kwa Afrika Kusini. Wakomunisti wa mbali wangeleta nini Maseru na kwa njia gani? Hata ndege ingebidi ipite juu ya makaburu. Msumbiji nayo, ile ile iliyotuma watu kwa Nyerere, 1984 rais wake Samora Machel alikaa na Botha wa Afrika Kusini mtoni Nkomati wakakubaliana, wewe usiwafuge ANC, mimi nisiwalishe waasi wako wa RENAMO. Samora kwa kiasi kikubwa alitimiza upande wake, Afrika Kusini iliendelea kuwasaidia waasi.

Lakini kuna Botswana, na hapa nitakaa kidogo manake naona ndo ilikuwa na akili kuliko wote. Botswana ilipata uhuru 1966 haina hata jeshi, ililiunda 1977. Reli yake, umoja wake wa forodha, ajira za vijana migodini, vyote vilikuwa upande wa makaburu. Rais wake Seretse Khama hakujifanya shujaa. Alisema wazi kwamba wakimbizi wanakaribishwa lakini kambi za kushambulia kutoka ardhi yake hapana. Alibaki kwenye umoja wa forodha, akafanya biashara, lakini ubalozi na serikali ya ubaguzi akakataa. Na huku polepole akatafuta mlango wa pili. Ukiangalia ramani pale Kazungula, Botswana na Zambia zinagusana kwenye mto Zambezi mahali padogo sana, mita mia na hamsini hivi. Afrika Kusini 1970 ilidai hata huo mguso haupo, kwamba kivuko kile hakina haki. Botswana na Zambia wakang'ang'ania. Wamarekani wakasaidia kujenga barabara ya kwenda huko kaskazini, Botswana ikawa na pumzi yake ya kwanza isiyopita kwa makaburu. 1980 nchi tisa zikakutana Lusaka kuanzisha jumuiya ya SADCC ili kupunguza kumtegemea yule jirani, na makao makuu yakawekwa Gaborone. Haikuepuka kila kitu, Juni 1985 makomando waliingia Gaborone wakaua watu. Lakini serikali haikuanguka, na nchi haikuuzwa. Leo pale Kazungula kuna daraja, lilifunguliwa 2021, malori yanayoleta shaba kutoka Kongo yanapita juu ya zile mita mia na hamsini.

Ufini nayo ilifanya kitu kinachofanana. Ilipigana na Wasovieti mara mbili, ikapoteza karibu sehemu ya kumi ya ardhi, 1948 ikatia sahihi mkataba na Moscow kwamba ardhi yake haitatumiwa kuishambulia Urusi, na miaka yote ikachunga mdomo. Lakini bunge likabaki lake, jeshi likabaki lake, kila kijana akafundishwa bunduki. Walipoona 2022 nia ya jirani imebadilika huko Ukraine, hawakungoja, Aprili 2023 wakawa ndani ya NATO. Ule ukimya wa miaka yote ulikuwa ni wa mtu anayesikiliza.

Sasa mpaka wako, dada. Jirani hatumii bunduki tu, anaweza kufunga geti, na geti linaua nchi polepole. Juni 2017 Qatar iliamka ikakuta Saudia, Emirates, Bahrain na Misri wamekata uhusiano. Mpaka wake mmoja wa nchi kavu, ule wa Saudia ambako chakula kingi kilikuwa kinapita, umefungwa. Watu walikimbilia supamaketi wakamaliza maziwa. Qatar ikafanya nini? Kulikuwa na kambi kubwa ya Marekani pale pale jangwani, lakini Marekani ilikuwa rafiki wa pande zote mbili, na rais wake siku za kwanza aliongea kama anaunga mkono wafungaji. Walioleta maziwa ni Uturuki, na bunge la Uturuki ndani ya siku chache likapitisha askari wapelekwe Doha. Iran ikafungua anga ndege zipite. Kampuni moja ya Qatar ikanunua ng'ombe karibu elfu nne nje, ikawaleta kwa ndege! Watu walicheka, mimi sikucheka, nilielewa. Miaka mitatu na nusu wakakaa hivyo, Januari 2021 geti likafunguliwa na Qatar haikutimiza yale masharti 13 iliyowekewa. Ila kumbuka Qatar ina gesi, ina hela ya kumrusha ng'ombe. Sisi wengine tunabeba viazi.

Kwa hiyo nikirudi Katuna. Februari 2019 Rwanda ilisema raia wake wanakamatwa na kuteswa Uganda na waasi wanasaidiwa, Uganda ikasema Rwanda inatuma majasusi. Kila mmoja alimwona mwenzie ndo tishio, na hawa ni watu waliopigana pamoja msituni, ndo maana nakwambia damu na historia haitoshi, hawa hawa majeshi yao yalishapigana Kisangani 1999 na 2000. Agosti 2019 Angola na Kongo wakawasuluhisha Luanda, karatasi ikasainiwa, geti likabaki limefungwa kwa watu kama wewe mpaka 31 Januari 2022. Angalia Rwanda iliponea wapi, haikuita jeshi la mtu, iliegemea njia ya Rusumo kwenda Dar es Salaam. Walikuwa na mlango wa pili tayari, ndo maana waliweza kufunga wa kwanza. Mlioumia ni wewe na yule mteja wako wa Kigali ambao mlikuwa na mlango mmoja.

Na Uganda si tofauti, sisi pia ni wadogo mbele ya bahari. Februari 1976 Amin alidai sehemu ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda, Kenyatta hakuhitaji kuvusha askari, mizigo ikasumbuka Mombasa, mafuta yakakauka Kampala, na Amin akarudi nyuma. Januari 2008 fujo za uchaguzi zilipowaka Kenya, reli iling'olewa Kibera na bei ya petroli hapa Kampala ikaruka, hakuna hata mtu aliyekuwa na nia mbaya na sisi. Kwa hiyo serikali ilipochagua 2016 bomba la mafuta lipite Tanzania mpaka Tanga, kilomita 1,443, badala ya kupita Kenya, watu walibishana bei na umbali, mimi niliona pia mlango wa pili. Kuhusu mazingira na fidia za watu kwenye njia ya bomba nina maswali yangu, hayo ni mazungumzo mengine.

Uliuliza kama rafiki anafika. Umesahau kuuliza kama anaondoka, na historia yetu imejaa hilo. Ufalme wa Toro ulijitenga na Bunyoro kwenye miaka ya 1830, na Kabalega wa Bunyoro alipopata nguvu akairudisha mikononi mwake. Kijana wa ukoo wa wafalme wa Toro, Kasagama, akaishi ukimbizini mpaka alipokutana na Mwingereza mmoja, Kapteni Lugard, na 1891 Lugard akamrudisha kwenye kiti, akajenga ngome na kuweka askari wa Kisudani. Rafiki wa mbali amefika. 1893 Waingereza wakawaondoa wale askari, Kabalega akarudi mara moja, Kasagama akakimbilia juu Rwenzori. Umeona, fimbo ikaenda mbali tena. Baadaye wakarudi, si kwa ajili ya Kasagama, ni kwa sababu wao wenyewe walitaka kummaliza Kabalega, na walipomkamata 1899 na kumpeleka Shelisheli, Toro ilipona. 1900 wakaletewa mkataba, kodi ya nyumba, na bwana mpya juu ya mfalme. Nisimlaumu Kasagama, mwenye nyoka mlangoni hachagui rangi ya fimbo. Lakini Waingereza walikaa mpaka 1962.

Na mimi mwenyewe niliwaona waliofika. Mwanzoni mwa 1979 nilikuwa mtoto wa miaka minane Kalisizo, tunalala migombani kwa ajili ya mizinga, na asubuhi moja wakapita askari wa Tanzania kwa miguu wakienda Masaka, safu ndefu, viatu vimejaa tope jekundu. Mmoja akasimama uani kwa bibi yangu akasema "mama, naomba maji". Bibi hakujua Kiswahili hata kidogo, lakini maji na amazzi ya Kiganda havipishani sana, akaingia ndani akatoa kibuyu kwenye mtungi, akampa, na akasimama amwangalie anavyokunywa. Yule askari akarudisha kibuyu kwa mikono miwili. Kijijini tukawaita bakomboozi, na Kiswahili changu nilianza kukiokota kwao. Tuliwapenda sana miezi ile ya kwanza. Baadaye wakubwa wakaanza kunong'ona, jeshi la wageni ni jeshi la wageni, mbona hawaendi, na nani sasa anaamua mambo Kampala. Waliondoka 1981. Deni la vita vile Uganda ilikuja kulimaliza kuilipa Tanzania 2007, mimi tayari nimesimama mbele ya darasa, bibi hayupo.